Maumivu Niliyoyacheka: Kimamba hadi Mikumi

Tulikwenda Mikumi kwa sababu ndoa ya mjukuu wangu Zuhura ilikuwa inavunjika, na hapakuwa na mtu aliyefanya kosa ndani ya nyumba ile. Tangu aolewe, kila alipotaka kukutana na mumewe mwili wake ulijifunga, na maumivu yakamshika chini ya kitovu. Baadaye hata kukaa kitako kukawa shida. Wakwe zake wa Ulaya, kijiji cha hapa hapa wilayani Kilosa, walituma neno: apone, au kijana wao aoe mwingine. Zuhura ameniruhusu kuandika haya, ila hilo si jina lake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini aende babu badala ya baba. Kwetu baba hasikilizi habari za chumbani za binti yake. Babu ni mtani. Tangu akiwa mtoto namwita mke wangu, naye hunisema kwamba nimezeeka vibaya. Basi mwaka mmoja nyuma alikuja kututembelea, akasema huku anamenya mihogo, "Mume wangu, huyu mume mwenzako ataniua. Inauma mno." Nikamjibu, "Ndiyo uone tofauti ya kijana na mzee." Alicheka, nami nikacheka. Akarudi Ulaya, akanyamaza. Jambo kama lile asingeweza kulisema kwa namna nyingine, na mimi nililipokea kama mzaha. Neno la wakwe lilipomrudisha Kimamba, aliniambia mara ya pili, safari hii bila utani.

Kimamba tuliondoka alfajiri kwa bajaji, kwa kuwa bodaboda Zuhura asingeiweza. Bibi yake alitufungia mihogo ya kuchemsha na kutupa mto wa kukalia. Kilosa stendi tulipata gari dogo la abiria, nikaomba kiti cha mbele kwa ajili ya mgonjwa.

"Shikamoo mzee," alisema konda. "Huyu ni binti yako?"

"Marahaba. Ni mke wangu."

"Mzee umetisha."

"Usimsikilize," alisema Zuhura. "Hata ugali anakatiwa."

Gari zima lilicheka. Nilimtazama usoni. Alikuwa anacheka huku ameushika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, akijiinua kidogo kila tulipopita kwenye shimo. Bila shaka ndivyo alivyocheka hata siku ile ya mihogo. Ni vile tu sikumtazama.

Ulaya tulipita siku ya gulio. Baiskeli zilizobeba mahindi na kuku zilijaa barabarani, na dereva akaenda polepole. Zuhura alijifunika mtandio mpaka tukaliacha soko, asije akaonwa na wakwe. Mwishowe tukaiona barabara kuu na malori yake.

Mikumi tulifika jua likiwa limepanda. Mumewe, Shabani, anayekata miwa huko Ruhembe, alikuwa ametangulia. Alinipa shikamoo, akampokea Zuhura mfuko, akasimama mbali kidogo kama mtu asiyejua kama anatakiwa.

Hospitalini alikuwepo daktari wa wanawake, mama wa makamo. Alimuuliza Zuhura anataka kuingia na nani.

"Na babu kwanza."

Ndani alimsikiliza bila kumkatisha. Kisha akauliza, "Nyumbani ulimwambia nani?"

Zuhura akatazama sakafu. Nikasema mimi, "Aliniambia mimi, daktari. Nilicheka."

Daktari hakunigombeza. Aliniomba nitoke ili ampime, na kabla sijafika mlangoni nilimsikia akimwambia, "Leo sikugusi mahali ambapo hujanikubalia. Ukisema basi, ni basi."

Vipimo vya mkojo na vya tumbo havikuonyesha ugonjwa wa kutisha. Akatuita sote watatu, Zuhura akiwa ameridhia, akatueleza. Misuli inayozunguka njia ya uke hukaza yenyewe, mwenyewe hataki. "Ukilisogezea jicho kidole, si linafumba? Jicho halina ukaidi. Na huyu hana ukaidi, wala hajafungwa na mtu kwa uchawi." Alisema misuli hiyo ikikaza muda mrefu, nyonga nzima huuma. Tiba ipo, nayo ni ya taratibu: kupumua, mazoezi ya kulegeza misuli, mazungumzo na mshauri, na baadaye vifaa laini, kuanzia chembamba kabisa, ambavyo Zuhura atavitumia mwenyewe faraghani. Tendo linaloumiza lisimame kabisa.

"Mpaka lini?" aliuliza Shabani.

"Mpaka mwili wake uache kuogopa. Inaweza kuwa miezi."

Shabani alichokonoa sugu za kiganja. "Mimi nilidhani ananichukia," alisema mwishowe.

"Na mimi nilidhani hivyohivyo, kwamba wewe ndiye unayenichukia," alisema Zuhura.

Kurudi tulishuka Ulaya sote watatu, maana jibu lilikuwa linasubiriwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mbele ya wakwe, lakini Shabani alinitangulia. Alimwambia baba yake kwamba mkewe ni mgonjwa, anatibiwa, na yeye haoi mwingine. Mzee yule akanigeukia: "Mkwe, na wewe unasemaje?"

Nikasema, "Mimi nilichelewa mwaka mzima. Nawaomba msichelewe na ninyi."

Zuhura aliulizwa kama atabaki. Akajibu kwamba atakaa Kimamba hadi amalize mazoezi, na anayemtaka aje amsalimie huko. Hakuna aliyembishia.

Bado hajapona kabisa. Anakwenda Mikumi kila anapopangiwa, na sasa anakaa kitako mpaka mchele unaisha kuchambuliwa. Shabani huja mwisho wa juma, wanakaa barazani wakizungumza, jioni anaondoka. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na zaidi namshukuru mtoto aliyerudi kuniamini mara ya pili. Utani wetu unaendelea. Ila siku hizi akisema kitu kinamuuma, nacheka baadaye. Kwanza namuuliza ni wapi.