Jinsi ya Kuinuka Kwenye Kiti cha Babu

Sogea karibu unisikilize, lakini hicho kiti usikikalie bado. Wengi huanza kwa kukaa, na hapo ndipo taabu yao inapoanzia. Nitakueleza taratibu, wala si jambo gumu.

Hiki ni kiti cha uvivu. Tazama mikono yake ilivyo mirefu, inapita magoti ya aliyekaa. Aliyekibuni alitaka mtu alale nyuma, kisha ainue miguu na kuilaza juu ya mikono hiyo, mmoja huku, mwingine kule. Kwa Mzungu mwenye suruali hakuna ubaya. Babu yangu alijifunga msuli kiunoni.

Alikipata Korogwe, kwenye shamba la mkonge alikokata majani mpaka mgongo ukapinda na kukataa kunyooka. Uhuru ulipokuja, meneja alifungasha vitu vyake, na alivyoviacha akawaambia watu wachague. Wenzake Babu walichagua sufuria na mablanketi. Babu akachagua kiti. Alisema miaka yote ile alimwona mtu akijinyoosha ndani yake huku yeye amebeba mzigo, naye akataka kujua kuna utamu gani. Akakipandisha juu ya basi mpaka Handeni, kisha kichwani mpaka nyumbani.

Bibi alikizunguka mara moja, akauliza, "Na sufuria iko wapi?"

Utamu ulikuwepo kweli. Ndani ya kiti kile tu ndimo mgongo wa Babu ulimoacha kuuma. Kwenye mkeka aligeuka usiku kucha, kwenye kigoda aliguna kama mlango mbovu. Kikalio cha mwanzo kilipochakaa alikisuka upya kwa kamba za katani, na kamba zile zikawa zinalegea kidogo kidogo, mpaka katikati pakawa na shimo lenye umbo lake mwenyewe.

"Teremsha miguu, mzee! Mkweo anakuja!" Hiyo ndiyo sauti ya Bibi ninayoikumbuka kuliko zote. Wageni walijifunza kupiga hodi wakiwa bado njiani, na walipomwamkia Babu shikamoo, macho yao yalikuwa juu ya paa.

Mimi nilikuwa mjukuu wa kike, kwa hiyo Babu aliniita mke wangu, na Bibi aliniita mke mwenza. Babu akienda msikitini, nilijitupa kitini. Siku ya kwanza nilizama, nikashindwa kutoka, nikalia. Babu aliporudi alicheka kwanza, tena sana, ndipo akanifundisha. Usiwe na haraka, nawe nitakufundisha.

Kisha ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori likafika, na kitu cha kwanza Babu kupakia kilikuwa kiti.

"Umesahau kinu," Bibi akasema.

"Kinu kitafuata."

"Na mimi?"

"Wewe unajua njia."

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa mstari, na hapo Babu akawa anaonekana na watu wengi zaidi kuliko zamani. Ofisi ya kijiji ilikuwa na meza moja na mabenchi. Siku moja mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye haraka, akaja barazani kwetu. Aliamkia huku akitazama paa, kisha akasema anakuja mgeni kutoka wilayani, mtu mkubwa, na kijiji hakina kiti cha heshima.

"Mwenyekiti gani hana kiti?" Babu akamuuliza.

"Ndiyo maana nimekuja, mzee. Hiki kitakaa ofisini. Siku hizi tunashirikiana, mali ni yetu sote."

"Na mke wangu pia?"

"Mimi sibebeki," Bibi akajibu kutoka jikoni. "Mwambie aulize lori."

Mwenyekiti hakucheka. Alikichukua asubuhi ileile ya ugeni. Babu akabaki amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mkono kiunoni, akiguna. Bibi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikitukana kiti kile, alichemsha maji. Alimkanda mgongo kwa maji ya moto, kisha akajifunga kanga ya pili. "Twende mkutanoni," akasema. "Angalau ukakiage."

Mgeni alikuwa mnene, mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Akaonyeshwa kiti. Akakaa. Akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu, nasi tuliokuwa chini tukaziona soksi zake zote. Ikafika zamu yake ya kuhutubia, na hotuba ilikuwa juu ya kujitegemea.

Alijaribu kusimama, akarudi. Akajaribu tena, kamba zikalia, akarudi chini zaidi. Mwenyekiti akamshika mkono mmoja, mgambo akamshika wa pili, wakavuta. Kiti nacho kikaja. Ikabidi mtu wa tatu ashikilie kiti.

Nilimnong'oneza Babu, "Si umwambie namna?"

"Mke wangu, mimi nani hata nimfundishe mkubwa kusimama?"

Hatimaye mgeni akachomoka. Bibi akapiga kigelegele, kirefu, peke yake, na akina mama wengine wakaitikia, maana kigelegele hakiachwi pweke. Mgeni akahutubia juu ya kujitegemea mwanzo mpaka mwisho akiwa amesimama, na alipoambiwa apumzike akasema yuko sawa.

Jua lilikuwa halijatua mwenyekiti alipokileta kiti, kichwani mwake mwenyewe.

"Mzee, ulijua!"

"Uliomba kiti, mwanangu. Kuinuka hukuuliza."

"Hakifai kazi za ofisi," akasema, akakitua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi akasema.

Babu akajilaza taratibu, mgongo ukatulia, miguu ikapanda.

"Teremsha miguu, mzee! Mwenyekiti bado yupo!"

Sasa kiti ni changu, na mgongo unaouma ni wangu pia. Kaa, usiogope. Ukitaka kutoka, teremsha miguu yote miwili, jisogeze mpaka ukingoni, rudisha visigino nyuma chini ya kiti, shika mikono ya kiti karibu na mwili, inamisha kichwa mbele kama unayetafuta sindano, ndipo usimame. Na ukiwa umevaa msuli, ukunje kwanza katikati ya magoti.