Kamba ya Maksai Haifungwi Mkononi

Asubuhi moja, mwanangu, niliondoka Mugango bila kujua naenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na kila barabara niliyoiona nilitaka kujua inaishia wapi. Nikadandia lori la dagaa. Lilipopata pancha huko Buswahili, nikashuka, nikatembea. Ndivyo nilivyokuwaga.

Kando ya njia nikamkuta mama mmoja analima kwa maksai wawili wapya, yeye ameshika plau. Mumewe, Mzee Magesa, alikuwa mbele akiwaongoza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwa na vidole. Nikaomba kazi na mahali pa kulala.

"Umewahi kuongoza maksai?" mama akauliza.

"Nawajua sana."

Niliowajua ni wale wa mnadani, tena kwa kuwaangalia. Mzee akanipa kamba, akaenda kupumzika. Ikawa inateleza kwa jasho, basi nikaizungushia mkononi na kuikaza, kama nilivyoona vijana wengi wakifanya. Hatukufika mwisho wa mstari, mama akasimamisha plau.

"Wewe! Hiyo ni kamba au bangili?"

"Mama, nikiilegeza watakimbia."

"Si wakimbie! Mzee, hebu njoo umwonyeshe mkono."

Mzee akauleta karibu na uso wangu. Alisema siku ile kamba ilipomkata vidole, mbwa alibweka tu, basi. "Na mimi nilikuwa nawajua sana," akaongeza, na mkewe akacheka mpaka akaegemea plau. Kisha akaacha kucheka. "Ukijifunga tena, shika njia yako. Hapa hulali."

Nikaifungua, nikaishika kiganjani tu. Jua lilipopanda, pikipiki ikapita ikipiga honi. Maksai wakaruka. Kamba ikanichoma kiganja, nikaachia, nikajitupa pembeni. Mama naye alishaachia mpini. Wakaenda na plau yao hadi kwenye mihogo ya jirani.

Nilijua nimefukuzwa. Mama akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku.

"Jirani nitamwomba radhi," akasema. "Kwa mama yako ningeenda kusema nini?"

Jioni akanionyesha chumba kando ya ghala la mtama. Nikanawa, nikamega ugali kwa mkono wenye michubuko tu.

Mwanangu, unayelima kwa maksai leo, usijifunge kamba yao mkononi wala kiunoni, hata wawe wapole namna gani. Ishike hivi kwamba ukifungua vidole, inaondoka. Kama hujui kazi, sema hujui kabla hujaingia shambani. Mimi nilidanganya, na ilibaki kidogo tu. Ukimwona mwenzako amejifunga, simamisha plau, hata kama mvua inawaharakisha. Akinuna, anune.

Na huko ugenini uendako, Mungu akupe mtu wa kukufokea namna ile, kisha akupe pa kulala. Kila jioni akufikishe ukiwa na vidole vyako vyote.