Mama Futi na Majaruba ya Jumba la Kale

Ofisini walimwita Mama Futi, kwa sababu hata akienda kumjulia hali mgonjwa hospitalini, futi ya kupimia haikukosa mkobani, na kabla hajatoka angekuwa amekwisha kujua uwanja wa mbele una upana gani na maji ya mvua yanaelekea wapi. Alikuwa msanifu wa bustani wa manispaa, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, goti la kushoto bovu, na ulimi usiojua kupinda kona.

Kila likizo ilipofika alifunga safari. Hakwenda ufukweni wala kwa ndugu. Alikwenda kwenye ngome zilizobomoka na majumba ya watawala waliokwisha kusahauliwa, kuzitazama bustani za kale ambazo wenyeji wenyewe walizipita bila kugeuza shingo. Huko alipiga magoti, akapima mifereji, akachora, akauliza maswali mpaka akachosha watu, akafukuzwa na walinzi, akarudi kwa mlango mwingine. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea shati la mifuko saba. Mmoja wa daftari, mmoja wa futi, mmoja wa pima maji, na ule wa ndani kabisa, alisema, ni wa akili, "maana kila ukisafiri unaziacha nyumbani."

Mdogo wake wa kike hakuwa na mzaha. "Dada, wenzako wakisafiri wanarudi na vitambaa na manukato. Wewe unarudi na vumbi. Huoni aibu?"

"Vumbi lenyewe la miaka mia nne," Mama Futi alimjibu. "Hayo manukato yako yana umri gani?"

Mambo yalianza kuharibika manispaa ilipopata mkurugenzi mpya, kijana wa viatu vinavyong'aa na haraka ya kuonekana. Katikati ya mji kulikuwa na jumba la kale, na uani mwake bustani iliyokufa: njia za mawe zilizoinuka, na kati yake majaruba manne mapana, yaliyoshuka hadi kina cha kiuno, yamejaa chupa na majani makavu. Mkurugenzi alileta mchoro. Majaruba yafukiwe, uwanja usawazishwe, zipandwe nyasi, na katikati isimamishwe chemchemi ya taa za rangi. Sahihi zote zilikuwepo isipokuwa ya msanifu.

Mama Futi aliutazama mchoro kwa muda, akaufunga, akaurudisha mezani.

"Sitii sahihi, mkurugenzi."

"Kwa nini, mama?"

"Hayo unayoyaita mashimo ndiyo bustani. Walipanda miti ya matunda chini, wakapita juu, ili mtu atembee usawa wa maua. Nimeona za namna hiyo sehemu sita."

"Umeziona ukiwa likizo," mkurugenzi alisema, akitabasamu kidogo. "Sasa utalii wako ndio unatufundisha kazi?"

"Kama kazini hamkujifunza, ndiyo."

Karani aliyekuwa pembeni aliinamisha kichwa kwenye mafaili asionekane anacheka. Mkurugenzi hakucheka.

Likizo yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa, basi wiki iliyofuata akaondoka. Alikuwa amechagua ngome moja ya mlimani, yenye bustani juu kabisa, na ngazi mia tatu na kumi na mbili za kuifikia. Alikuwa kwenye ya mia mbili, ameshika goti, anatweta, simu ikaita.

"Rudi ofisini kesho," alisema mkurugenzi. "Kamati ya madiwani inakutana wiki ijayo na mchoro hauna sahihi."

"Niko kwenye ngazi."

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia vizuri sana. Ninapanda." Akaizima simu, akaitia mfuko wa nyuma, akapanda.

Mtunza bustani wa kule juu alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye ndoo mkononi na maneno machache. Alimtazama mgeni akilala kifudifudi kupima mfereji, akamwacha. Siku ya pili akamwita aende naye upande wa pili wa ukuta. Huko, alieleza, wakubwa fulani waliwahi kufukia majaruba ili watu wapate uwanja wa sherehe. Maji yakakosa njia, yakaingia chini ya ukuta. Ufa ulikuwa umepanda kutoka ardhini hadi juu. Mama Futi aliuingiza mkono, ukazama mpaka kiwikoni.

"Walipofukia, hakuna aliyewaambia?" aliuliza.

"Mama yangu aliwaambia. Alikuwa mfagiaji tu."

Mama Futi alikaa chini palepale, akauchora ule ufa kwa vipimo vyake vyote.

Aliporudi alikuta barua mezani: amehamishiwa kitaluni, nje ya mji, kusimamia miche. Kamati nayo, kwa kukosa sahihi, ilikuwa imeahirisha kikao kwa mwezi mmoja. Mdogo wake alikuja nyumbani mbio. "Umebakiza miaka minne ustaafu, dada. Omba radhi, yaishe."

"Ningejua nimekosa nini, ningeomba."

"Tia tu hiyo sahihi!"

"Ukuta ukianguka, utakuwa na jina langu."

Mumewe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua uso. "Jumamosi uko huru?" aliuliza.

Jumamosi tatu mfululizo walishinda uani mwa lile jumba, yeye na fundi wake, wakisomba taka za jaruba moja. Walinzi walidhani wametumwa na manispaa, na wao hawakuona haja ya kuwasahihisha. Jumamosi ya tatu koleo likagonga jiwe. Walifukua kwa mikono, mfereji ukajitokeza, mwembamba, umepakwa chokaa, unatokea moja kwa moja chini ya bomba la udongo lililoshuka kutoka paani. Mama Futi aliketi kwenye matope akacheka mpaka goti likamuuma.

Siku ya kikao aliingia bila kualikwa, na buti za kitaluni. Mkurugenzi alisema mtumishi huyu si wa idara husika. Mwenyekiti, mama mmoja mzito aliyekuwa mkunga kabla ya siasa, alimuuliza Mama Futi anataka nini.

"Dakika kumi za miguu yenu. Jumba lenyewe ni hapo ng'ambo."

Walikwenda, wengine wakinung'unika. Mwenyekiti alishikwa mkono akashuka ndani ya jaruba, akautazama mfereji, akainua macho hadi paani.

"Maji yote ya paa hili yanashukia humu," Mama Futi alisema. "Mkifukia, yataenda wapi?"

"Tutaweka bomba," alijibu mkurugenzi.

"Kwenye mchoro wako halipo."

Mchoro ulikunjuliwa palepale, ukashikwa na watu wanne. Halikuwepo.

Kura zilikuwa tano kwa nne. Majaruba yakabaki. Chemchemi ya taa nayo ilipitishwa, ikajengwa mbele ya lango, na Mama Futi akipita hapo hugeuza uso upande wa pili. Ofisini hakurudishwa. Mwezi uliofuata mkurugenzi alimtuma karani kitaluni na ujumbe: akiandika barua ya kuomba radhi, meza yake ipo.

Mama Futi alikuwa anahamisha miche ya michungwa, mia moja na ishirini, ya kwenda kupandwa majarubani. Aliendelea kuhamisha.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. "Lakini meza haina miche. Halafu shika huo upande wa kreti, mwanangu, lori linasubiri."