Nyongeza Niliyompa Madam Athieno

Kwa kuwa watu wa Busia wameshaisimulia kila mtu kwa namna yake, na kuna wanaodai eti nilitoroka kupitia dirishani, naona afadhali aibu hii niieleze mwenyewe, maana dirisha la ile ofisi lina vyuma na hata ningetaka nisingepita.

Mimi ni fundi wa mitandao, nalala upande wa Kenya na natafuta riziki upande wa Uganda, na pale mpakani najulikana kwa mambo mawili: napatana bei hadi muuzaji aniulize kama kuna shida nyumbani, na kila kitu nahesabu mara mbili, hata vipande vya nyama kwenye supu. Kwa hiyo Madam Athieno, mwenye ofisi ya kushughulikia karatasi za forodha, aliponiita nimwekee swichi (kile kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta zote za ofisi), tulivutana asubuhi nzima, na nikajua nimekutana na mtu wa kiwango changu. Mwishowe akaniwekea chambo: hii ikikaa vizuri, na kazi ya ofisi yake mpya ya Tororo ni yangu. Niliitaka hiyo Tororo. Nilikuwa nimeshaenda kupima kuta zake bila kutumwa na mtu.

Tatizo lake lilikuwa moja. Kompyuta kuukuu ya kutunzia nyaraka ilikuwa inazidiwa, kompyuta nyingine zinairushia karatasi kwa kasi, nyingi zinapotea njiani. Dawa ipo, mafundi tunaiita flo-kontro: unaliruhusu tundu la swichi likubali kifaa kilichozidiwa kiseme "ngoja kwanza," na swichi ingoje. Nikaiwasha kwenye tundu la hiyo kompyuta kuukuu, ikatosha. Nilikuwa nakunja nyaya Madam aliposimama mlangoni.

"Fundi, kazi iko mzuri. Sasa nyongeza iko wapi?"

"Nyongeza gani tena, Madam?"

"Ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda, "hata mama wa maharage ananiwekea nyongeza. Wewe na mkoba kubwa namna hiyo?"

Asiyejua soko letu ajue hivi: kipimo cha maharage kikishajaa, muuzaji hutupia konzi moja juu, na asipotupia humrudii tena. Nikachungulia mkobani, kila kilichokuwemo nilikuwa nimekinunua. Ndipo likanijia wazo la bure kabisa: nikaingia tena kwenye swichi, nikawasha flo-kontro kwenye matundu yote, nikamwambia kwa uso wa mtu aliyetoa mbuzi, "Nimekuwekea ulinzi kila tundu." Akafurahi. Nami nikafurahi zaidi.

Kesho yake asubuhi akataka aone kwa macho, ofisi ikiwa imejaa madereva na wachuuzi wanaosubiri karatasi zao. Nikachomeka kompyuta yangu, nikaonyesha kila kitu kinapita, nikaifunga. Kidogo tu Nekesa, karani wa dirishani, akasema, "Fundi, imesimama." Nikafungua kompyuta niangalie, mambo yanapita. "Imerudi," akasema. Nikafunga. "Imesimama."

(Wewe umeshajua. Mimi nilikuwa sijajua, na ndiye niliyelipwa kujua.)

Nikailaumu kampuni inayouza intaneti, kwa sauti, ili foleni isikie. Nikamlaumu Nekesa kwa kuchajia simu kwenye kompyuta ya ofisi, akaichomoa. Kisha nikamwona Wandera, dereva wa lori la vitunguu, amesimama na gambuti zake karibu na waya uliopita sakafuni, nikamwamuru avue.

"Nivue viatu? Hapa ni msikiti?"

"Ni waya, mzee wangu. Vinaukandamiza."

Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kiko nje, na foleni nzima ikakiona. Nikafungua kompyuta: mtandao safi. Hapo ningenyamaza, lakini Madam alikuwa amesimama pale na Tororo yangu, kwa hiyo nikahutubia, nikaeleza mambo ya nyaya na uzito wa binadamu, nikatangaza tatizo limekwisha, nikaifunga kompyuta taratibu kama mchungaji afungavyo Biblia baada ya mahubiri.

"Imesimama," Nekesa akasema, bila hata kuinua kichwa.

Wandera akaniuliza, "Fundi, nivue na suruali?"

Ofisi ikapasuka kwa kicheko. Madam peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wangu juu ya kompyuta jinsi anavyotazama mizani ya muuzaji asiyemwamini.

"Fungua," akasema. Nikafungua.

"Imerudi," Nekesa.

"Funga." Nikafunga. Tukangoja.

"Imesimama!" Hao walikuwa foleni yote, kwa pamoja, kama kwaya.

Akanifungulisha na kunifungisha mara ya pili. Kumbe naye huhesabu mara mbili.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, nimeinunua kwa bei iliyokaribia kumliza muuzaji. Ukiifunga inalala, lakini usingizini haikomi kupayuka "ngoja, ngoja," na swichi, kwa kuwa nilikuwa nimeiamuru itii kila tundu, ikangoja, mizigo ikajaa tumboni mwake, ikawaambia na wengine wote wangoje. Bila ile nyongeza ingepayuka peke yake hadi Yesu arudi, wala hakuna ambaye angesumbuka.

Nikaizima nyongeza mbele ya umati, tundu baada ya tundu, nikaacha lile moja la haki. Nikafunga kompyuta. Karatasi zikaendelea kupita. Nikamwomba Nekesa radhi, akajibu "Sawa" kwa namna ambayo si sawa. Nikainama nimshikie Wandera gambuti avae, na hiyo ndiyo picha aliyopiga mtu, ikafika Malaba kabla mimi sijafika kwangu.

"Na Tororo, Madam?" nikauliza, maana aibu nilikuwa nimeshaipata, sikuona sababu ya kuondoka nayo peke yake.

Akafikiri. "Tororo utafanya. Lakini hiyo kompyuta yako itabaki kwa askari wa geti. Na bei tunapatana upya."

Tukapatana, yaani yeye akataja, mimi nikaitikia. Na nilipomaliza Tororo, nakunja nyaya, akasimama mlangoni vilevile na kuuliza nyongeza iko wapi. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikarudi na kikombe cha maharage, nikakimimina mezani kwake. Tangu hapo ndiyo nyongeza yangu, kwa mteja yeyote, na sitatoa nyingine. Natembea nayo mkobani.