Majina ya Marehemu Katika Klabu ya Drafti

Klabu ya Drafti ya Mtoni, pale Athi River, ilikuwa na sheria moja ambayo hata walevi wake waliiheshimu: anayecheza hashiki pesa. Walikuwa na sababu. Mweka hazina wa kwanza alikuwa mchezaji hodari, tena mkarimu, na siku moja alipiga dau kubwa dhidi ya dereva wa lori, akaliwa kete zote, na sanduku la klabu likaliwa pamoja nazo. Basi Musyoka, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji na bingwa wao wa miaka mingi, alipofariki, wanaume wakamwendea mjane wake. Kalekye alikuwa na kibanda cha chai na chapati hapo hapo kando ya mbao zao za kuchezea, alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, na hakuwahi kusogeza kete hata moja. Wakamkabidhi vitabu, mhuri na ufunguo wa sanduku.

Kazi ile ilimkaa vizuri, tusidanganyane. Mwanamke aliyekuwa akiitwa tu "mama wa chai" sasa alisimamisha wanaume wazima na kuwaambia hapana, leta risiti kwanza. Alipiga mistari ya vitabu vyake kwa rula. Kila mwisho wa mwaka alijaza fomu ya Msajili wa Vyama, akaandika wanachama ni akina nani, kilichoingia na kilichotoka, akatia sahihi yake mwenyewe, akaipeleka posta kwa miguu.

Lakini klabu haikuwa drafti peke yake. Watu wa Athi River karibu wote wametoka kwingine kutafuta riziki, na mtu wa Ukambani hata akiishi mjini miaka thelathini, kwao ni kule mlimani alikozikwa baba yake. Kuzikwa kwenye makaburi ya baraza la mji ni aibu, tena ni aibu inayobaki kwa watoto. Kwa hiyo klabu iliahidi kila mwanachama jambo moja kubwa: ukifa, tutakupeleka nyumbani. Jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, hema na viti, vyote juu ya klabu. Wakanunua hema lao, na lilipokuwa halina kazi wakalikodisha kwa watu wa nje.

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa roho nzuri, ambalo ndilo kosa gumu kuliko yote kulirekebisha. Mwanachama alipokufa, jina lake halikufutwa. Nani angemwambia mjane kwamba mumewe si wao tena? Mjane aliendelea kuleta mchango, mchango ukaandikwa kwa jina la marehemu, na ahadi ile ya kupelekwa nyumbani ikamfunika yeye. Kila mwaka fomu ya Msajili ilikwenda na jina la Musyoka, jina la Kiema na majina ya wenzao waliokwisha oza zamani, kana kwamba jioni ile ile wangekuja kucheza. Hakuna aliyeuita huo uongo. Kwao ilikuwa adabu.

Kiema alikuwa mume wa Kasyoka, na Kasyoka alikuwa rafiki wa Kalekye wa kufa na kuzikana. Aliuza sukuma wiki na nyanya karibu na geti la EPZ, eneo la viwanda vya nguo, ambako binti yake Syombua alishona suruali za kupelekwa ng'ambo. Kasyoka hakuchelewesha mchango hata mwezi mmoja. Hata siku alizokosa soko alikuja, akaketi kwenye benchi la kibanda, akafungua pesa zake kwenye ncha ya leso, na hakuondoka bila risiti.

"Mimi niko na neno moja tu, Mama Kitheka," alikuwa akisema. "Nataka kulala nyumbani Ndithini kando ya Kiema. Hapa nilikuja kutafuta, sikuja kukaa."

Kalekye akamwambia asiwe na wasiwasi. Alimwambia hivyo mara nyingi sana.

Mwaka wa 2004 mwenyekiti, Henry Wambua, akataka hema la pili. Benki ikamwambia mkopo uko, lakini klabu ilete namba ya mlipa kodi, ile PIN, na barua ya ofisi ya kodi kwamba haidaiwi. Wambua akaguna, eti kodi ya nini na sisi tunacheza kwa vifuniko vya soda. Kalekye hakuguna. Alivaa nguo yake ya kanisani, akafunga vitabu kwenye mfuko wa karatasi, akaenda Machakos mjini na moyo mweupe, kama mtoto anayejua amefanya hesabu zake zote.

Ofisa aliyempokea alikuwa kijana mpole, akamwita mama, akamtafutia kiti. Alifungua kurasa polepole, akasema angependa maduka yote ya Machakos yaandike hivi. Akamweleza sheria kwa Kiswahili cha kueleweka: klabu ambayo robo tatu ya pesa zake zinatoka kwa wanachama wenyewe huachwa, kwa sababu mtu hafanyi biashara na mfuko wake. Lakini za watu wa nje zikipita robo, hiyo ni biashara kama biashara nyingine, na inalipa kodi. Kisha akaomba namba za vitambulisho vya wanachama wachache, kuhakikisha tu. Akaanza na Kiema.

"Huyo alikufa," Kalekye akasema.

"Na huyu Musyoka?"

"Huyo pia. Huyo ni mume wangu."

Kijana akaweka kalamu chini. Akauliza ni nani basi aliyelipa michango hii ya kila mwezi, na Kalekye akamwambia bila kuficha, maana hakuona cha kuficha. Kijana akahesabu upya. Pesa za wajane, ambao hawakuwa wanachama popote kwenye karatasi, alizitoa upande wa wanachama akaziweka upande wa watu wa nje, pamoja na za kukodisha hema. Robo ikapita, tena ikapita mbali. Miaka yote aliyoitazama ilikuwa hivyo hivyo.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Kodi ya nyuma italipwa, alisema, na faini juu yake, lakini dawa ya kesho ni rahisi. Marehemu wafutwe. Wajane waandikwe wanachama kwa majina yao wenyewe. Pesa za nje zipewe safu yake peke yake ili ionekane wazi haizidi robo. Fomu mpya ikija safi, barua itatoka. Kalekye alirudi Athi River akiwa ameumia, lakini akiwa na matumaini.

Mkutano ulifanyika hapo penye mbao, Jumapili baada ya kanisa. Wanaume waliposikia kwamba akiba ya klabu itakwenda kwenye kodi na hema la pili litangoja, wakawaka. Mmoja akasema ni wajane waliowaletea balaa hii. Mwingine akaitikia, na baada ya hapo ikawa ndiyo kweli. Watu wale wale waliokula chapati za mkopo kwa Kalekye, wale wale waliolia juu ya kaburi la Kiema! Kalekye akasimama akasema dawa imeshapatikana, tuandikeni tu.

Wambua alifungua katiba ya klabu, akaisoma kwa sauti: mwanachama ni mcheza drafti. Kalekye akasema basi wajane watajifunza, kwani drafti ni shahada? Watu wakacheka. Wambua hakucheka.

"Hii ni klabu ya drafti, mama," akasema. "Si chama cha kina mama. Mkiingia nyinyi na kura zenu, kila shilingi itaenda kwa mazishi."

Wakapiga kura: marehemu wafutwe, wajane watoke, na ahadi ya kupelekwa nyumbani isiwahusu tena. Wajane hawakuwa na kura, basi haikuchukua muda. Pesa walizotoa miaka yote hazitarudishwa, ikaamuliwa, kwa kuwa zimeliwa na kodi iliyoletwa na wao.

Kalekye akasema hatatia sahihi fomu kama hiyo. Wambua alingoja wenzake watawanyike, akamvuta kando, akaongea naye taratibu kama mtu anayekutakia mema. Alimkumbusha kwamba fomu zote za nyuma, zile zenye majina ya wafu, zina sahihi moja, na sahihi hiyo si ya mwenyekiti. Ofisa alikuwa mpole kwa sababu aliahidiwa fomu safi. Isipokwenda, ni nani ataitwa kortini? Mwanawe Kitheka alikuwa bado shule ya bweni. Kalekye akaenda nyumbani akalia, akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na kesho yake akachukua rula. Alimfuta Musyoka kwanza. Kisha Kiema. Akatia sahihi.

Barua ya kodi ikaja na hakuna aliyemwambia Kasyoka. Wajane wenzake walipewa habari mmoja mmoja, nao wakaenda zao wakilaani, lakini Kasyoka wakati huo alikuwa ameanguka kitandani, damu imekwisha mwilini, na kila mwisho wa mwezi alimtuma Syombua na mchango. Kalekye alijiambia atasema leo. Akaupokea. Mwezi uliofuata akaupokea tena. Syombua akaomba risiti, kwa kuwa mama atauliza, na Kalekye akamwambia kitabu cha risiti kimekwisha. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kushika shilingi ya mtu bila kuiandika alizitia pesa zile kwenye mkebe wa majani ya chai, juu ya rafu, na hakuweza hata kuutazama.

Kasyoka alikufa akiwa ametulia. Syombua alisema hivyo alipofika kibandani kuuliza gari la klabu litatoka lini kwenda Ndithini. Ikabidi Kalekye aseme. Alisema yote, na hakuacha sehemu yake mwenyewe. Akashusha mkebe, akamwekea pesa mkononi.

Syombua hakupaza sauti. "Mama alikuwa analipa akiacha dawa," akasema. "Na wewe ulikuwa unapokea."



Mshahara wa kushona suruali haukutosha bili ya mochari, achilia mbali gari la Ndithini. Ndugu za Kiema walituma salamu za pole. Kalekye alitoa alichokuwa nacho, kikaishia kwenye jeneza. Kasyoka akazikwa Athi River, kwenye makaburi ya baraza la mji, kwenye udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka, kati ya watu asiowajua.

Wanaume wa klabu walikuja wote, wamevaa vizuri, na walileta hema. Wambua alisema kwa upole kwamba kwa ajili ya marehemu Kiema wamepunguza bei ya kukodi. Maombi yalipokwisha, Syombua akaja mezani alipoketi Kalekye, akahesabu noti, na Wambua, amesimama nyuma, akamkumbusha mweka hazina kwamba hiyo ni ya safu ya watu wa nje, isije ikachanganywa.

Kalekye akafungua kitabu. Akauliza, macho chini, aandike imelipwa na nani.

"Andika Kasyoka," Syombua akasema. "Miaka yote mlikuwa mnaandika baba. Andika jina la mama hata mara moja."

Kalekye akaliandika, kwa herufi nzuri, katika safu ya watu wa nje, akakata risiti akampa.