Msindikizaji Tuliyesahau Kumrudisha

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, kahawa imeshaanikwa na vumbi limepanda mpaka kwenye vyungu. Mimi na mume wangu Benedikto tulikuwa na mwaka mmoja katika ndoa, na zilibaki wiki tatu tuhamie Mpanda, alikopangiwa kufundisha. Nasikia na wewe na mwenzio mnafunga mizigo. Ndiyo maana nimekuita. Chai hiyo hapo, na simu iweke chini kidogo, haitakukimbia.

Wiki zile tulizifanya za matembezi. Tulikwenda Mbinga mjini kupiga picha, tukapanda milima tukala viazi vya kuchoma huko juu, tukacheka ovyo kama watu wasio na wazazi. Kisha tukaanza kuaga ndugu: wa kwake milimani, wa kwangu ziwani. Masanduku tulikwisha kuyapeleka Kitai kwa rafiki yake, maana basi la Mpanda tungelipandia huko.

Aliyebaki kuagwa milimani alikuwa Bibi Ansila wa Kitura, bibi yake Benedikto. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na mama mwingine hakumjua. Alikuwa mdogo wa mwili na mkali wa ulimi. Mimi Mwanglikana wa ziwani alinipokea kwa kuniuliza kama kwetu tunajua kulima au tunajua kuogelea tu. Nilimpenda toka siku hiyo.

Sasa sikiliza desturi ya ukoo ule. Kumsindikiza mgeni kupo kila mahali, lakini kwao msindikizaji hageuki kwa hiari yake. Anayeondoka ndiye anayesimama njiani, anasema anakwenda wapi na atakaa muda gani, halafu anasema, "Hapa panatosha, rudi nyumbani." Ndipo mwenyeji anarudi. Usiposema, anakwenda na wewe tu. Nimewahi kuona wazee wakivuka kijito na kupanda kilima cha pili, wakisubiri kijana asiye na adabu akumbuke maneno mawili.

Benedikto alishindwa kumwambia. "Nikimtajia Mpanda atalia," alisema, "na akilia sitaondoka." Basi mimi, kwa ujuzi wangu wa miaka ishirini na mmoja, nikaona nitamsaidia. Asubuhi Bibi alipouliza safari yetu, nilijibu mimi: "Tunakwenda kumsalimia mama kule Ngumbo, Bibi. Tunarudi Jumapili."

Akajifunga kitenge, akatoka kutusindikiza. Tuliteremka kando ya mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo mlimani, yeye nyuma yetu, akimwambia Benedikto habari za maharage. Hatujafika mbali tukasikia pikapu ya magunia ikipiga honi barabarani, na siku zile gari ukilikosa unalala. Tukakimbia, tukapanda juu ya magunia. Nilipogeuka, Bibi alikuwa bado anakuja. Hakupunga mkono wala hakuita, alikuwa anatembea tu ndani ya lile vumbi. Yale maneno yalinifika mdomoni, nikaona aibu kupiga kelele mbele ya abiria, nikayameza.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yetu ilifika mpaka ziwani.

Mbamba Bay tuliingia kwa mama ntilie. Akaleta vikombe vitatu. Nikamwambia tuko wawili. "Na bibi yenu aliyesimama mlangoni?" aliuliza. Akatazama tena mlangoni, akakichukua kile kikombe cha tatu, na tangu hapo hakutukaribia. Mimi nilicheka. Benedikto aliiacha chai yake.

Ngumbo mama yangu alitupokea kwa samaki wa mbasa na ugali wa muhogo, na kwa siku moja nikasahau. Siku ya pili mjomba Lazaro, kaka yake mama, akatuchukua kwa mtumbwi tuzunguke, maana nilitaka kuliaga ziwa. Jua lilikuwa kali na maji yametulia. Mbali huko lilisimama lile wingu la vidudu vya ziwani, jeusi, linapanda kama moshi wa moto usioonekana. Mjomba alikuwa anapiga kasia akiwa ameelekea ufukweni. Mara akaacha.

"Mwambieni bibi yenu asiingie majini," alisema. "Hapo mbele pana kina."

Tukageuka. Ufukwe ulikuwa mtupu.

"Mjomba, bibi gani?"

"Huyo. Maji yamemfika magotini, na bado anakuja."

Mjomba Lazaro alikuwa mzee wa kanisa, hanywi, na mzaha hakuuweza hata angelipwa. Aligeuza mtumbwi bila kuulizwa. Tuliposhuka, mchangani kulikuwa na nyayo zetu za asubuhi, na kando yake nyayo nyingine ndogo za miguu mitupu. Zilikuwa zimeingia majini. Zilizotoka sikuziona, na nilitafuta, mwanangu, nilitafuta.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Aliuliza jambo moja tu: tuliagana vipi na Bibi? Nikamwambia kila kitu.

"Mmemwacha mtu mzima njiani," alisema. "Hajui mnakwenda wapi, hamjamwambia arudi. Mlitaka afanye nini? Kesho asubuhi mpande juu."

Benedikto akasema basi la Kitai ni keshokutwa, na akichelewa kuripoti, kazi inaweza kupotea. Alisema hivyo huku machozi yanamtoka. Mimi nikamwambia Mpanda haihami. Ni neno la pekee la maana nililosema kiangazi kile chote.

Tulifika Kitura mchana wa siku iliyofuata. Jirani yake, Mama Onorata, alitukuta uani, na hata salamu yetu hakuiitikia vizuri. Alisema siku ile tulipoondoka Bibi alianguka barabarani, mahali pikapu ilipotuchukulia, wakambeba mpaka kitandani. Tangu hapo hali, hasemi, hafumbui macho. "Lakini halali," alisema. "Ingieni mwone miguu."

Bibi alikuwa amelala chali. Chini ya blanketi miguu ilikuwa inakwenda, mmoja baada ya mwingine, taratibu, mwendo wa mtu anayeteremka mlima mwenyewe akiangalia asijikwae. Haikupumzika. Nilifunua blanketi nikazishika nyayo zake. Zilikuwa za baridi na zimelowa. Kutoka pale mpaka ziwani, mwanangu, unajua mwenyewe ni umbali gani.

Benedikto alipiga magoti akalaza uso kando ya kitanda. Ikabidi nianze mimi, kwa kuwa uongo ulikuwa wangu.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye niliyekudanganya. Hatukuwa tunarudi Jumapili. Tunahamia Mpanda, ni safari ya siku nyingi, na tutakaa miaka."

Miguu ikapunguza mwendo, kama mtu aliyesikia jina lake. Benedikto akamshika mkono. "Hapa panatosha, Bibi," alisema. "Rudi nyumbani."

Miguu ikasimama.

Nje kuku walikuwa wakiparua. Bibi akafumbua macho, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ni mbali hivyo," alisema. "Mngeniambia mapema, ningechukua fimbo."

Jioni alikunywa uji. Kesho yake aliomba unga wa mahindi, akatupaka kidole kimoja kila mtu kwenye paji la uso, akatuombea safari kwa Kimatengo. Alilia kidogo, Benedikto akalia sana, na hakuna aliyekufa kwa kulia. Siku ya nne Bibi akafariki, mkono wake umo mikononi mwetu. Watu walisema alikuwa mzee, siku zake zilikuwa zimefika. Benedikto naye aliamini hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi sijaweza. Najua mwanamke yule alitembea mpaka ziwani na kurudi kwa ajili ya neno langu, na aliporudi hakuwa amebakiwa na nguvu.

Mwanangu, mama yako amenisimulia kwa furaha kwamba mnakwenda Songea wiki mbili. Mimi nimesikia ni Mwanza, lakini sikumsahihisha, si kazi yangu. Nenda leo, si kesho, umwambie ni Mwanza, umwambie ni miaka. Usimtumie ujumbe. Kaa mbele yake, mwache alie, nawe ulie. Usidhani unamhurumia mtu kwa kumficha njia yako, maana mapenzi ya mzazi hayangoji ruhusa, yanafuata tu, na miguu yake ni ya uzee. Siku ya kuondoka akitoka kukusindikiza, usikimbilie gari. Simama, mtazame usoni, mrudishe kwa mdomo wako mwenyewe.

Mungu awafikishe salama, wewe na mwenzio, awape nyumba yenye wageni na chakula cha kuwatosha. Na kila atakayewasindikiza, Mungu amrudishe kwake na miguu mikavu.