Tangi la Samaki la Rangwe

Juzi, nikimngoja daktari wa meno mjini Homa Bay, niliona tangi kubwa la kioo lenye mimea ya majini na wale samaki bapa wenye mistari wanaoitwa malaika. Uchungu ulionipata haukuwa wa jino.

Nilipokuwa mdogo, Baba alinipeleka Rangwe nimsaidie kutengeneza tangi kama hilo nyumbani kwa mwanamke niliyeambiwa anafanya naye kazi. Nyumba ilinukia rangi mbichi. Tuliosha mchanga, tukapanda mimea, kisha Baba akamimina maji polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Sikuwahi kumwona na upole ule. Msichana wa rika langu alipiga magoti kando yetu.

"Baba, samaki wanakuja lini?" aliuliza.

"Maji yatulie kwanza, mama," Baba akamjibu.

Nilimwona ana adabu, kwani hata kwetu kila mwanamume mzima tulimwita baba. Leo najua mtu hatengenezi tangi kubwa hivyo mahali ambapo hakusudii kukaa.

Jioni nilimkuta Mama akichambua dagaa wa omena, nikamsimulia yote kwa furaha.

"Huyo msichana anaitwa nani?"

"Akumu, kama nyanya!"

Nyanya Akumu, mamake Baba, alifariki kabla sijazaliwa, na kwetu jina la marehemu hupewa mtoto wa ukoo. Mimi nilidhani majina yamefanana tu, nikangoja Mama acheke.

Hakucheka. Alinawa mikono, akapika, akatupakulia, na kwa mara ya kwanza hakumwekea Baba chakula.